Mnatukabidhi zoni ya afya bila kutufundisha inavyoendeshwa: barua ya wazi kwa wakuu wa kitivo chetu cha tiba

Lubumbashi, Oktoba 2025

Kwa Mheshimiwa Mkuu wa Kitivo cha Tiba,
Kwa Waheshimiwa Maprofesa, wajumbe wa Baraza la Kitivo.

Nakala kwa: Mheshimiwa Waziri wa Elimu ya Juu na Vyuo Vikuu, Mheshimiwa Waziri wa Afya, Mkuu wa Divisheni ya Afya ya Jimbo la Haut-Katanga, Baraza la Madaktari.

Kuhusu: somo la sera za afya kwa wanafunzi wa tiba wa miaka ya mwisho

Waheshimiwa wazazi wetu,

Pokeeni kwanza salamu zetu za heshima. Tunawaandikia hadharani kwa sababu tulipoandika faraghani hatukujibiwa. Barua yetu ilipokelewa, ikapigwa muhuri kwenye sekretarieti, ikalala. Kila tulipofuatilia tuliambiwa iko mezani. Jina la chuo hatulitaji: si nia yetu kuiaibisha nyumba iliyotulea, na mwenye kujijua atajijua. Isitoshe, mji huu una vitivo vya tiba zaidi ya kimoja, na tukizungumza na wenzetu waliosomea Bukavu au Goma, kilio chao ni hiki hiki.

Sisi ni madaktari tuliotoka mikononi mwenu miaka ya karibuni, pamoja na wadogo zetu walio kwenye staji, yaani mafunzo ya vitendo hospitalini, sasa hivi. Wengi wetu tuko zoni za vijijini. Ombi letu ni moja: mwanafunzi wa tiba asipewe diploma kabla hajafundishwa, na kufanyiwa mtihani, juu ya namna afya inavyoamuliwa na kulipiwa katika nchi yetu, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Nani anaandika sheria, nani anagawa fedha, nani anapanga bei ya kujifungua, na daktari anasimama wapi katika hayo yote. Malalamiko yetu ni haya.

1. Kazi mnayotuandalia siyo tunayoikuta.

Kitivoni tunaandaliwa kwa kitanda cha mgonjwa. Tunashukuru, na tunayajua mambo ya kitandani. Lakini daktari kijana akitoka Lubumbashi kwenda upande wa Pweto, Mitwaba au Kasenga, haichukui muda kabla hajakabidhiwa hospitali, na pengine zoni nzima ya afya. Nchi yetu ina zoni 519. Zoni moja ina watu laki moja na zaidi, ina hospitali kuu ya rufaa, ina vituo vya afya vilivyotawanyika kwenye njia ambazo pikipiki yenyewe inazikataa wakati wa mvua. Anayeiongoza ni daktari.

Huyo daktari mkuu wa zoni anatakiwa kuandaa mpango wa kazi wa mwaka na bajeti yake. Anaongoza mkutano wa kila mwezi ambapo wauguzi wakuu wa vituo huleta takwimu zao. Anaagiza dawa kwenye bohari ya CAMELU, anajadiliana na mashirika yanayokuja na miradi iliyokwisha kuamuliwa kwingine, anasimamia bei wanazotozwa wagonjwa, na mapato yakiingia anaamua pamoja na timu yake kiasi gani kinunue dawa na kiasi gani kiwe primi, yaani posho, ya wafanyakazi. Akikosea hapo, watu wanakufa kama wanavyokufa chini ya kisu cha mpasuaji asiyejua kazi. Tofauti ni kwamba hakuna atakayeitwa kueleza.

Nchi ina sheria ya misingi ya afya ya umma, namba 18/035 ya tarehe 13 Desemba 2018. Ndiyo inayosema nani ana mamlaka gani kati ya Kinshasa, jimbo na zoni. Kati yetu sote tunaotia saini hapa, hakuna aliyewahi kuulizwa swali juu yake katika mtihani. Wengine waliisikia kwa mara ya kwanza kutoka kwa mhasibu wa zoni.

Na kinachouma zaidi ni kwamba mpangilio huu wa zoni, ambao wageni husafiri kuja kuusoma, sehemu yake ilipikwa hapa nchini. Miaka ya 1970, huko Kasongo, Maniema, madaktari wa Kongo na wenzao wa Taasisi ya Tiba ya Tropiki ya Antwerp walijaribu kuunganisha vituo vidogo na hospitali moja chini ya timu moja, ili mgonjwa asivuke kituo na hospitali isijazwe na malaria ya kawaida. Miaka ya 1980 nchi ikagawanywa katika zoni 306 kwa fikra hiyo. Wanafunzi wa Ubelgiji wanaisoma Kasongo. Wa kwetu tunaijua kwa jina tu, tukiijua kabisa.

2. Bei ya matibabu ni uamuzi, na daktari ndiye anayeubeba mbele ya familia.

Hapa tutasema mengi kidogo, kwa kuwa ndipo tunapotukanwa.

Kila aliyefanya staji anaijua wodi ya wazazi ambako kuna mama aliyepona, mtoto ananyonya vizuri, na hawatoki. Hawatoki kwa kuwa bili haijalipwa. Mume anazunguka kwa ndugu, anauza simu, anarudi mikono mitupu. Mmoja alimwambia stazheri wetu, mwanafunzi aliye kwenye staji: "Dokta, miye sina franka. Mutanifungia bibi mpaka siku gani?" Stazheri hakuwa na la kujibu. Hakujua bei ile ilipangwa na nani, wala kama kuna kifungu kinachoruhusu mtu kuzuiliwa hospitalini kwa deni, wala kwamba hospitali nayo, kama haipati ruzuku ya kuiendesha, hununua mafuta ya jenereta na glavu kwa fedha hiyo hiyo ya bibi wa watu.

Haya yana historia, na historia hiyo inafundishika. Mwaka 1987 mawaziri wa afya wa Afrika walikutana Bamako wakakubaliana kwamba jamii zichangie gharama, hasa za dawa, na zishiriki kusimamia fedha hizo kupitia kamati zao. Kwetu sehemu ya kuchangia ilishika, tena sana, maana serikali ilikuwa imejiondoa. Sehemu ya kusimamia ilibaki kwenye karatasi: kamati za maendeleo ya afya zipo, lakini ni ngapi zinazoonyeshwa daftari la mapato? Daktari asiyejua kwamba kamati ile ina haki ya kuliona daftari anadhani mzee wa mtaa anayeliomba ni mkorofi.

Kisha Septemba 2023 serikali ikazindua Kinshasa uzazi wa bure, kama hatua ya kwanza ya bima ya afya kwa wote, ukianza kupelekwa majimboni hatua kwa hatua. Jambo jema. Uchunguzi wa kitaifa wa 2013-2014 ulikadiria vifo 846 vya akina mama kwa kila watoto 100,000 wanaozaliwa hai. Nchi yenye namba hiyo haina haki ya kujivuta. Lakini neno "bure" hospitalini lina maana ya kwamba mwingine atalipa. Ni nani? Kwa orodha gani ya huduma? Hospitali itarudishiwa lini, na isiporudishiwa kwa wakati, daktari afanye nini: afunge mlango, au arudishe bei kwa mlango wa nyuma? Tumeona wenzetu wakiupinga mpango huu na wengine wakiushangilia bila hata mmoja wao kuusoma. Mpango wa namna hii hufa mikononi mwa watu wa chini wasioelewa kanuni zake, na watu wa chini hao ni sisi.

3. Sisi ni Katanga, na afya ya Katanga inaamuliwa pia kwenye mikataba ya migodi.

Mwaka 2020 ulichapishwa utafiti uliofanyika hapa Lubumbashi, wa watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Ubelgiji. Walilinganisha watoto waliozaliwa na kasoro zinazoonekana na waliozaliwa salama, wakakuta kwamba baba kufanya kazi ya migodi kulihusiana sana na mtoto kuzaliwa na kasoro. Mwanafunzi akisoma habari hiyo kitivoni anafundishwa mambo ya kiinitete na sumu za metali. Vizuri. Halafu? Yule baba kesho anarudi kuchimba kobalti. Daktari anayejua kutambua kasoro na hajui ni ofisi gani inayopaswa kukagua vumbi la kiwanda, amejua nusu ya ugonjwa.

Sheria ya migodi iliyorekebishwa Machi 2018 inaigawa mirabaha, yaani malipo ya kampuni kwa madini inayoyachimba, hivi: asilimia 50 serikali kuu, 25 jimbo, 15 mji au sekta au usultani ambako mgodi upo, na 10 mfuko wa vizazi vijavyo. Juu ya hayo, kampuni inatakiwa kutenga asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii zinazouzunguka mgodi. Na kuna daftari la ahadi ambalo kampuni husaini na jamii hizo. Shule, visima, barabara, kituo cha afya: yote yanajadiliwa mezani, na mezani hapo wapo machifu, wapo wanasiasa, wapo wanasheria wa kampuni. Daktari wa zoni mara nyingi hayupo. Akiwepo, anakaa kimya kwa kuwa hajui kwamba ana la kusema.

Matokeo yake tunayaona kwa macho. Jengo la kituo cha afya linajengwa, linapakwa rangi, linazinduliwa kwa ngoma, na muuguzi hayupo, kwa sababu hakuna aliyeuliza nani atamlipa mshahara. Au linajengwa kilomita chache kutoka kituo kingine kilichokuwa kinajikokota, vyote viwili vikakosa wagonjwa wa kutosha na dawa zikaharibika. Mpango wa zoni ungezuia hilo kama mwenye zoni angejua kuuweka mezani kabla ya saini. Sisi jimbo letu lina utajiri huu. Kama kuna kitivo duniani kinachopaswa kufundisha sheria ya migodi kwa madaktari, basi ni cha hapa.

4. Mlipuko wa ugonjwa hausikilizi chanjo peke yake.

Ebola ya Kivu Kaskazini na Ituri ilitangazwa tarehe 1 Agosti 2018, ikatangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020, ikiwa imeua watu zaidi ya 2,200. Safari hii chanjo ilikuwepo, madaktari walikuwepo, fedha zilikuwepo nyingi. Tarehe 26 Desemba 2018 Tume ya Uchaguzi ikaahirisha kura za Beni, Butembo na Yumbi hadi Machi 2019, huku sehemu nyingine ya nchi ikipiga kura mwezi ule ule wa Desemba. Ebola ilikuwa moja ya sababu zilizotajwa kwa Beni na Butembo. Kesho yake waandamanaji wakavamia kituo cha kupokea wagonjwa Beni, na watu waliokuwa wanachunguzwa wakakimbia. Julai 2019 Waziri wa Afya, Daktari Oly Ilunga, alijiuzulu baada ya uongozi wa mapambano kuondolewa wizarani na kupewa kamati iliyoongozwa na Profesa Jean-Jacques Muyembe.

Hatuhukumu nani alikuwa na haki. Tunauliza tu: kuna darasa gani la kitivo ambamo mwanafunzi ameketi akachambua uamuzi wa tarehe 26 Desemba kama anavyochambua kifo cha mgonjwa wodini? Kipindupindu kikirudi Lubumbashi, daktari atasema "chemsheni maji" na yuko sahihi. Lakini maji ya bomba ni ya Regideso, shirika la maji la taifa, taka ni za wilaya, bajeti ni ya jimbo, na yeye hajui barua inaandikwa kwa nani.

5. Fedha za wengine, na mshahara wetu.

Hili ni fupi. Januari 2025 serikali ya Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, zoni za Haut-Katanga zilitikisika, maana jimbo letu lilikuwa kati ya yale yaliyotegemea fedha hizo kwa huduma za ukimwi na mengine. Madaktari wengi waligundua siku hiyo kwamba dawa walizokuwa wakizitoa hazikuwa kwenye bajeti ya taifa. Walidhani ni za serikali kwa vile zilibandikwa nembo ya wizara. Na tukigoma kwa ajili ya primi ya hatari au namba ya utumishi, tunataja ahadi ya viongozi wa Afrika huko Abuja ya Aprili 2001, ile ya asilimia 15 ya bajeti kwa afya, bila kujua bajeti inapigiwa kura lini na kati ya kupigiwa kura na kutolewa fedha kuna shimo gani. Serikali inatujua kwa udhaifu huo.

Waheshimiwa, majibu tunayatarajia, kwa kuwa tumeyasikia kwenye korido.

Mtasema ratiba imejaa. Imejaa kweli. Lakini imejaa pia marudio: kuna sura tulizofundishwa na maprofesa watatu kwa miaka mitatu, kila mmoja na silabusi yake ya kununua. Hatuombi silabusi nyingine ya kuuziwa, tafadhali.

Mtasema somo la afya ya umma lipo. Lipo, na tunalithamini: takwimu, epidemiolojia, usafi, chanjo. Linatufundisha kuhesabu wagonjwa. Halitufundishi nani aliyeamua wawe wengi hivyo. Mtasema pia kwamba mji una shule ya afya ya umma, na anayetaka aende akachukue masta. Masta inalipiwa, na inakuja baada ya miaka. Zoni tunapewa kabla.

Mtasema walimu hawapo. Wapo ng'ambo ya ua, kitivo cha sheria na cha uchumi. Wapo kwenye Divisheni ya Afya ya Jimbo. Wapo madaktari wa zoni waliostaafu, wanaojua bajeti za uongo na za kweli kwa harufu yake. Hawajawahi kualikwa hata saa moja.

Mtasema programu inaamuliwa Kinshasa. Mageuzi ya LMD, mfumo mpya wa ngazi za masomo ya chuo kikuu, yalianza kutekelezwa nchini kote mwaka wa masomo 2021-2022, na vitivo bado vinapanga upya masomo yake. Kama kuna wakati wa baraza kupeleka pendekezo, ni huu.

Na kuna mzee wetu mmoja, tunamheshimu, aliyesema tunataka kuleta siasa amfiteatrini, kwenye ukumbi wa mihadhara. Mheshimiwa, hatujaomba kadi ya chama chochote. Ibara ya 47 ya Katiba inasema haki ya afya imehakikishwa. Tunaomba kujua mtu anaihakikisha vipi akiwa Mitwaba na franka elfu chache kwenye sanduku.

Kwa hiyo tunaomba, kwa heshima na bila kuzunguka:

Kwanza, somo la lazima la sera na uendeshaji wa afya katika miaka ya mwisho, lenye mtihani na alama zinazohesabika. Semina ya hiari ya Jumamosi hatutaikubali kama jibu.

Pili, sehemu ya staji ifanyike kwenye ofisi kuu ya zoni, mwanafunzi akae na timu ya zoni, asome mpango wa mwaka, aone daftari la mapato, ahudhurie mkutano wa kila mwezi. Zoni za hapa mjini Lubumbashi ziko karibu: Kenya, Katuba, Kampemba, Ruashi. Nauli si kisingizio. Lakini tungependa walau wachache wapelekwe vijijini, na hapo suala la usafiri na chakula cha stazheri lijadiliwe kwa uwazi, maana tunajua mzigo huo huishia kwa wazazi wanaolipa minervali, yaani karo.

Tatu, kesi za kufundishia ziwe za kwetu: uzazi wa bure, Kasongo, Beni, sheria ya migodi. Tuko tayari kuziandika pamoja nanyi, na zoni zetu ziwe mahali pa kujifunzia.

Nne, tujibiwe kwa maandishi kabla Baraza halijapitisha ratiba ya mwaka mpya wa masomo. Kama jibu ni hapana, tuandikiwe hapana na sababu zake. Tusipopata jibu lolote, tutapeleka barua hii kwa wabunge wa jimbo walio kwenye kamati inayoshughulikia afya, na tutaomba kusikilizwa.

Wajumbe wetu wanajulikana kwenye sekretarieti ya kitivo. Wataitika siku na saa yoyote mtakayowaita, hata ikiwa ni Jumapili baada ya misa.

Pokeeni, Waheshimiwa, heshima zetu za dhati.

Madaktari vijana wa zoni za afya za Haut-Katanga, pamoja na wanafunzi wa tiba walio kwenye staji, Lubumbashi